Tesla Model 3 au BYD Seal? Tazameni tundu la chaji kwanza

Mhariri,

Kila panapozungumzwa magari ya umeme hapa Mombasa siku hizi, mazungumzo huishia palepale: Tesla Model 3 au BYD Seal? Na hoja zinazotolewa ni za mbio. Seal ya mota mbili hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.8. Model 3 ya mota moja, toleo la 2024, huchukua sekunde 6.1. Haya, na baada ya hapo? Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni halimjui mwenye sekunde 3.8. Anayetaka kutoa mamilioni ya shilingi kwa mojawapo ya magari haya ana mambo mengine ya kutazama, na la kwanza hata si jina lililo kwenye boneti. Ni tundu la chaji, na tundu hilo hutegemea gari limetoka nchi gani.

Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi Kenya kwa matumizi ya kawaida, na gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8. Kwa hiyo zile bei za China zinazowatoa watu udenda mtandaoni hazituhusu. Zinazotuhusu ni Uingereza, Australia, Thailand, Japani na nyinginezo ambako watu huendesha upande wetu wa barabara. Na hapo ndipo mtego ulipo. Model 3 ya Uingereza au Australia ina tundu la CCS2: juu matundu saba ya Taipu 2, chini matundu mawili makubwa ya chaji ya haraka. Model 3 ya Japani ni gari lilelile kwa macho, lakini tundu lake ni lile jembamba la Tesla wenyewe, kama la Marekani. Seal nayo haijasalimika. Ile ya Uingereza, Australia au Thailand ni CCS2, ilhali iliyouzwa Japani tangu 2024 ina tundu la CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, kwa chaji ya haraka na Taipu 1 kwa chaji ya nyumbani.

Vituo vya chaji ya haraka nchini bado ni vya kuhesabu, na soketi unayoikuta zaidi ni CCS2. Mwenye gari la Japani ataambiwa na muuzaji, "Adapta zipo." Ni kweli zipo, ila adapta si kitu kimoja. Ya chaji ya nyumbani ni jambo dogo: ndani yake mna waya na kidude cha kulieleza gari kwamba limechomekwa, basi. Ya chaji ya haraka ni kompyuta. Ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO ni boksi zito lenye programu yake na betri yake ndogo. Programu ikipitwa na wakati, kituo hulikataa gari nawe umesimama njiani. Kwa Model 3 yenye tundu la Tesla, adapta ya CCS haifanyi kazi mpaka gari lenyewe liwe na moduli ya kuzungumza lugha ya CCS, na nyingi za miaka ya mwanzo hazina. Kujua ni rahisi: kwenye kioo cha katikati ingia Controls, kisha Software, kisha Additional Vehicle Information. Hapo pameandikwa kama CCS imewezeshwa au haikuwekwa. Muuzaji akikataa kuliwasha gari muangalie pamoja, ondoka.

Ukurasa huohuo utakwambia aina ya betri, jambo la pili kwa uzito. Seal zote, ndogo inayobeba uniti 61.4 za stima na kubwa ya uniti 82.5, zina betri ya chuma na fosfeti, yaani LFP. Hapo hutakosea. Kwa Model 3 ni bahati nasibu usipojua unachokitafuta. Zilizoundwa Marekani miaka ya 2019 na 2020 zina betri za nikeli. Za Shanghai, zilizoanza kupelekwa Ulaya mwishoni mwa 2020 na Australia mwaka 2021, ni mchanganyiko: za mota moja kwa kawaida ni LFP ya uniti kati ya 55 na 60, na za Long Range, yaani za masafa marefu, ni nikeli ya uniti 75 au zaidi kidogo. Namba ya chesisi haidanganyi. Ikianza na 5YJ gari ni la Marekani, ikianza na LRW ni la Shanghai. Herufi ya saba ikiwa F, betri ni LFP. Ikiwa E, ni ya nikeli. Herufi ya kumi ni mwaka wa modeli: M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023, R ni 2024. Mtu akikuuzia "ya 2023" na namba inasema M, umeshajua unaongea na nani.

Kwa nini tushikilie aina ya betri? Kwa sababu ya joto letu. Betri ya litiamu huzeeka kwa njia mbili: kwa kutumiwa, na kwa kukaa tu. Kukaa kukiwa na joto na chaji imejaa ndiko kunakoiua upesi, na Mombasa haina miezi ya baridi ya kuipumzisha. LFP huvumilia mizunguko mingi zaidi ya kujaza na kumaliza, na hustahimili joto kubwa zaidi kabla haijaanza kuwaka. Ya nikeli hubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo, lakini inataka adabu: kila siku iishie asilimia 70 au 80, na 100 ni ya asubuhi ya safari tu. Mtu anayeiacha imejaa kwenye jua la Februari wiki nzima akiwa Nairobi anakula betri yake mwenyewe.

LFP ina tabia yake pia, na wengi huilaumu bure. Voltiji ya seli zake karibu haibadiliki kati ya asilimia 20 na 90. Hubaki pale pale kwenye volti 3.2 au 3.3. Kompyuta inayokisia kiasi kilichobaki kwa kutazama voltiji hupotea njia kidogo kidogo, mpaka gari linaonyesha asilimia 12 kumbe ni 5. Dawa ni kuijaza hadi 100 mara moja kwa wiki, kama Tesla wanavyoelekeza kwa betri za aina hiyo, ili hesabu irudi sawa. Seal nayo inataka kujazwa kikamilifu mara kwa mara kwa sababu ileile. Jaza usiku, uondoke nayo asubuhi. Usijaze Ijumaa ukaiacha hadi Jumatatu.

Sasa stima ya nyumbani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama mtu anunue gari la umeme kabisa, liwe Tesla au BYD. Ile chaja ya kubebeka inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani iwekwe ampea 10, si 13. Soketi ya ampea 13 ilitengenezwa kwa birika linalochemka dakika nne, haikutengenezwa kwa mzigo wa saa kumi na mbili mfululizo. Ukiifululiza, inaanza kubadilika rangi, kisha plastiki inayeyuka. Kwa ampea 10 unapata takriban kilowati 2.4. Model 3 ndogo itachukua kama saa 26 kutoka sifuri hadi kujaa, Seal kubwa saa 38. Kwa anayekwenda Nyali na kurudi mjini, kilomita 30 kwa siku, hiyo inatosha: uniti 5 au 6, saa mbili na nusu, amemaliza. Anayetembea zaidi aweke chaja ya ukutani ya ampea 32, kilowati 7.4, na hapo Model 3 ndogo hujaa kwa saa nane au tisa, Seal kubwa kwa saa kumi na mbili.

Chaja hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye mita: shaba ya milimita mraba 6 kwa umbali mfupi, na milimita mraba 10 ikivuka mita 25 au hivyo. Swichi ya kujikata ya ampea 40. Kifaa cha kukata stima ikivuja kiwe cha aina inayotambua pia uvujaji wa stima ya moja kwa moja, ile ya DC, kwa sababu kifaa cha kawaida "hupofuka" stima ya aina hiyo inapopita ndani yake. Chaja nyingi nzuri huja nacho ndani, lakini ulizia.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo fundi wa bara halikuti kila siku: mwamba. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Fundi anapigilia fimbo ya ardhi, inaingia futi mbili, inagonga jiwe, anaikata na kuifunga waya juu. Matumbawe makavu hayapitishi stima vizuri, kwa hiyo nyumba ina waya wa ardhi kwa jina tu. Friji haitalalamika, chaja ya gari italalamika. Chaja hizi kwa kawaida hupima ardhi kabla ya kutoa stima. Zikiikosa, taa ya onyo huwaka na chaji haianzi, na mwenye gari anasema chaja ni mbovu. Suluhisho ni kuchimba shimo refu kwa mashine, au kufunga fimbo mbili tatu zilizoachana angalau urefu wa fimbo moja na kuziunganisha, kisha kupima kwa mita ya ardhi. Fundi asiye na mita hiyo anabahatisha. Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale mzingatie pia nyaya za miaka mingi zilizokwisha kukauka ganda. Hapo msianze na chaja, anzeni na nyaya.

Voltiji ikicheza, na huku kwetu hucheza jioni kila mtu anapowasha pampu na AC, Model 3 hupunguza ampea kwa robo yenyewe bila kuuliza. Si ugonjwa. Gari limehisi voltiji ikishuka likadhani waya umelegea. Kwanza hakikisha kweli haujalegea, kisha chaji baada ya saa nne usiku. Kuna na faida ya bei: mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya nishati, iliidhinisha bei maalumu ya stima ya magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Lakini inataka mita yake, na kwa mpangaji wa fleti ya Bamburi ambaye hata nafasi ya kuegesha anagombania na jirani, hilo ni suala la kumshawishi mwenye nyumba kabla ya kwenda yadi.

Stima ikipotea, Seal ina jibu ambalo Model 3 haina. Ina uwezo wa kutoa stima kupitia tundu lake la chaji, zaidi ya kilowati 2, kwa kebo maalumu. Friji, feni na taa, tuseme wati 500 kwa jumla, kwa saa kumi ni uniti 5 katika 82. Kwa mji huu hiyo si mapambo. Ila vifaa vichomekwe kwenye kebo ya gari moja kwa moja. Yule anayetengeneza waya wenye plagi dume pande zote mbili ili alishe soketi za nyumba nzima atakuja kumuua mtu wa Kenya Power aliye juu ya nguzo, au atalichoma gari stima ikirudi.

Tutoke nje barabarani. Haya yote mawili ni magari ya chini, na ndiyo lawama yangu kubwa kwa wanaoyapigia debe: Model 3 ina nafasi ya takriban sentimita 14 kutoka ardhini, Seal hushuka hadi takriban 12 ikibebeshwa. Seal pia ni ndefu, mita 4.80 dhidi ya 4.72, na ina umbali wa mita 2.92 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Tuta lililochongwa kama mgongo wa ngamia huingia katikati hapo, na kilicho katikati ni betri. Katika Seal kifuniko cha betri ndicho sakafu ya gari. Muundo huo hulifanya gari liwe gumu na tulivu, lakini pigo la chini ni la kukaguliwa kwa makini zaidi kuliko kwenye gari la petroli. Katika Model 3 patazamwe mbele ya betri, panapoingia mipira ya maji ya kupoza: viungo vyake ni vya plastiki, na jiwe moja laweza kuvivunja. Ukinunua lililotumika, lazima liinuliwe na bamba la chini lifunguliwe. Mkwaruzo si neno, lakini bonde kwenye chuma cha betri ni sababu ya kuliacha.

Wa Likoni na Kusini wanajua mlango wa feri maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua: mteremko unakuwa mkali na mdomo wa mbele wa gari refu unagusa. Panda mshazari ukiruhusiwa, au subiri maji yajae, au zungukia Dongo Kundu. Na mvua za masika zinapogeuza barabara kuwa mifereji, msijidanganye na habari kwamba betri haiingii maji. Betri imezibwa vizuri, sawa, lakini soketi, feni ya mbele na beringi hazikuzibwa hivyo. Maji yakipita katikati ya tairi, geuza. Gari lililozama kwenye maji ya bahari lisichajiwe hata likionekana zima, kwa sababu chumvi inayobaki ndani hutengeneza njia ya stima siku kadhaa baadaye.

Tairi ya akiba hamna, katika Model 3 wala Seal. Model 3 ya rimu 18 huvaa 235/45 R18, Seal kubwa 235/45 R19. Zote zitafutwe zenye alama ya XL kwa ajili ya uzito, na upepo wa Model 3 ni psi 42, si 32 anazojaza kijana wa pancha kwa mazoea. Kijana huyohuyo aonyeshwe pa kuweka jeki kabla hajaingia chini. Katika Model 3 kuna matundu manne pembeni, na kati ya jeki na tundu kuwekwe kipande cha raba ngumu. Jeki ikiwekwa hatua mbili ndani inainua betri badala ya gari, na bei ya kosa hilo inazidi bei ya tairi mia. Baadhi ya tairi za Tesla zina sponji ndani ya kupunguza kelele. Ikwanguliwe mahali pa kiraka tu, kisha ipigwe kiraka.

Chumvi ya hewa huanza na breki. Magari haya husimama zaidi kwa mota, inayorudisha stima kwenye betri, kwa hiyo pedi hazigusi diski siku nyingi. Diski zinashika kutu, pini za kalipa zinakwama, na baada ya miaka miwili upande mmoja unasaga na mwingine umelala. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, weka gia huru ukikanyaga breki mara tano sita ili pedi zifanye kazi, na kila mwaka kalipa zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi ya breki. Model 3 ina na ugonjwa wake maarufu: mlio wa kitanda kibovu kutoka mbele gari linapopita tuta. Ni mkono wa juu wa suspensheni, maji yameingia kwenye kiungo. Haiui, lakini itumie kupunguza bei.

AC ndiyo ninayoomba msome mara mbili. Kompresa ya gari la umeme huendeshwa kwa stima kali ya betri kubwa, na oili yake ni ya POE, isiyopitisha stima. Fundi wa AC wa kawaida ana PAG, oili ya magari ya petroli. Akiiongeza, hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mipira ya mashine yake, kinga ya stima ndani ya kompresa hudhoofika, kompyuta inaona uvujaji, na gari linakataa kuwaka. Watu wakaenda kutafuta betri mpya kumbe ni oili ya shilingi mia chache. Gesi pia isomwe kwenye kibandiko chini ya boneti, isikisiwe. Na AC hapa si starehe peke yake. Katika Seal gesi ya AC ndiyo inayopita kwenye bamba la betri kuipoza moja kwa moja; gesi ikivuja, betri imepoteza upoezaji wake. Model 3 hupoza kwa maji, na AC huyasaidia maji hayo, kwa hiyo ina nafasi kidogo ya kujiokoa. Kwa mji wa joto huo ni ushindi mdogo wa Tesla ambao sijasikia mtu akiutaja.

Ushindi mwingine ni ulaji wa stima. Vipimo vya Ulaya vinaipa Model 3 ya mota moja uniti 13.2 kwa kilomita 100 na Seal ya mota moja 16.6. Sehemu ya sababu ni uzito: kilo 1,765 dhidi ya 2,055. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka tofauti hiyo ni uniti 510. Ukihesabu uniti kwa shilingi 30 pamoja na kodi, ni shilingi 15,300. Si fedha ya kumzuia mtu aliyeipenda Seal. Ila mwenye Model 3 akiacha Sentry Mode, ile kamera ya ulinzi, ikiwaka usiku na mchana, huteketeza kama uniti 5 au 6 kwa siku, na faida yote imekwenda. Zima gari likiwa ndani ya ua.

Safari ya Nairobi wengi huiamua kwa ukubwa wa betri. Tupige hesabu. Ni kilomita 480, na unapanda kutoka baharini hadi mita 1,700. Kupanda peke yake, gari likiwa na watu na mizigo ya kilo 300, humeza karibu uniti 9.5 kwa Model 3 na 11 kwa Seal, kabla ya kuhesabu upotevu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa na AC ikiwaka, weka uniti 15 kwa kilomita 100 kwa Model 3 na 17.5 kwa Seal. Jumla ni 82 na 95. Kwa hiyo hata Seal yenye uniti 82.5 haifiki bila kusimama! Ukisimama karibu na Mtito Andei kwenye chaja ya kilowati 60, Model 3 ndogo itataka dakika 40, Seal kubwa 25 au 30. Huo ndio ukubwa wote wa tofauti, robo saa, muda wa chai na mahamri. Zile namba za kilowati 150 na 170 za kwenye matangazo hazina maana mbele ya chaja ya 60. Kurudi ni mteremko, na Seal hufika Mombasa bila kuomba stima kwa mtu.

Matengenezo: Tesla hawana duka wala gereji rasmi nchini, na dhamana ya Ulaya haivuki bahari. Kwa hiyo hakikisha mambo mawili kabla ya kulipa. Gari liwe limetolewa kwenye akaunti ya mwenye kwanza, la sivyo programu ya simu haitafunguka na kuna siku atalifunga akiwa London. Na gari liwe halikuandikwa ajali kubwa huko. Historia ya Uingereza husomwa kwa namba ya usajili ya kule, usikubali "karatasi zimepotea". Ndani ya Service Mode, kurasa za mafundi kwenye kioo cha gari, kuna kipimo cha afya ya betri kinachotaka chaja ya ukutani na karibu siku nzima. Muuzaji wa kweli atakuruhusu.

BYD ana wakala nchini tangu 2024, aliyeanza na modeli nyingine, Atto 3, na mafundi wa jina hilo si wageni kabisa hapa: mabasi ya umeme ya BasiGo yenye sehemu za BYD yaliunganishwa katika kiwanda cha magari cha AVA, Miritini. Lakini Seal uliyoingiza mwenyewe si Seal ya wakala. Uliza kwa maandishi kabla ya kuagiza kama ataifungulia kompyuta yake na kukuuzia spea. Jibu la simu halihesabiki.

Kwa hukumu yangu, basi: anayenunua lililotumika achukue Model 3 ya mota moja ya Shanghai, F kwenye namba, CCS2 kwenye tundu, ya 2021 hadi 2023, kwa sababu ni nyepesi, hula kidogo na bado ina kijiti cha indiketa. Toleo la 2024 lilikiondoa likaweka vitufe kwenye usukani, na anayejua kuzunguka raundabauti huku matatu imemkata atakielewa kilio chetu. Anayenunua jipya, mwenye ua wake na stima inayopoteapotea, achukue Seal ya mota moja ya uniti 82.5. Ya mota mbili ina kilo 130 zaidi na rimu zilezile za kuvunjikia kwenye mashimo. Asiye na pa kuchajia kwake asubiri.

Na kwa wenye yadi, Mhariri, ombi moja. Karatasi mnayobandika kwenye kioo ina mwaka, maili na bei. Ongezeni mistari mitatu: nchi lilikotoka, aina ya tundu la chaji, aina ya betri. Wino wake ni wa dakika moja, nanyi mnayajua majibu tangu gari lilipotoka bandarini.

Fundi wa umeme wa magari,
Tudor, Mombasa